Namna ya Kujenga Kazi ya Utafiti katika Baiometriki na Uoni wa Kompyuta, Kuanzia Shahada ya Kwanza hadi Uprofesa

Anayetaka kuwa profesa wa baiometriki, yaani elimu ya kumtambua mtu kwa mwili au mwendo wake, hana budi kuelewa mapema kwamba kazi hiyo, pamoja na kamera, skana na kompyuta zake zote, ni kazi ya kupima makosa. Mfumo wowote unaomtambua mtu kwa uso, kidole, mboni ya jicho au mwendo wake hukosea kwa namna mbili: ama humpokea asiye mwenyewe, ama humkataa aliye mwenyewe. Ukikaza kizingiti, yaani kiwango cha kufanana ambacho chini yake mtu hukataliwa, ili wageni wasipite, unawafungia nje wenyeji wengi zaidi. Ukikilegeza ili wenyeji wasisumbuke, wageni nao wanapata mwanya. Mtafiti wa fani hii hujulikana kwa namna anavyoyahesabu makosa hayo, kwa watu aliowahesabia, na kwa uaminifu anaoutumia kuyaeleza. Mwongozo huu unafuata hatua za safari hiyo, na unamlenga hasa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu huku kwetu alama za vidole zimekwisha kuingia katika daftari la wapiga kura, kitambulisho cha taifa na usajili wa laini za simu, ilhali wataalamu wa kuipima mifumo hiyo bado ni wachache mno.

Msingi: hisabati kwanza, kisha zana moja uijue kweli

Katika shahada ya kwanza, iwe ni ya sayansi ya kompyuta, uhandisi wa umeme au hisabati, masomo yatakayokubeba maisha yako yote ni manne: aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano, takwimu na uchakataji wa ishara. Kuandika programu kwa Python na C++ ni lazima, lakini ni jambo ambalo mwanafunzi mwenye bidii hujifunza akiwa njiani. Takwimu haziji hivyo, na anayezikimbia akiwa mwaka wa pili atazikuta zikimsubiri kwenye tasnifu.

Ni vema kuangalia jinsi wakubwa wa fani walivyoanza. Mwaka 1946 mwanafizikia Dennis Gabor alieleza namna ya kuichambua ishara kwa mawimbi mafupi yanayobeba kwa pamoja habari za mahali pake katika wakati na za marudio yake. Mwaka 1985 John Daugman, aliyefundisha Harvard kabla ya kuhamia Cambridge, alichapisha uchambuzi uliotandaza mawimbi hayo katika pande mbili na kuonyesha jinsi yanavyofanana na utendaji wa seli za ubongo zinazopokea taswira. Hapo hapakuwa na habari yoyote ya kumtambua mtu. Ilikuwa ni nadharia tupu. Kisha madaktari wawili wa macho wa Marekani, Leonard Flom na Aran Safir, ambao mwaka 1987 walikuwa wamepata hataza ya wazo la kumtambua mtu kwa mboni bila kuwa na njia ya kihisabati ya kulitekeleza, wakamwendea Daugman. Zana alikuwa nayo tayari. Makala yake ya mwaka 1993 ilieleza jinsi picha ya mboni inavyogeuzwa kuwa msimbo wa biti 2,048, na jinsi misimbo miwili inavyolinganishwa kwa kuhesabu sehemu ya biti zinazotofautiana. Mboni mbili tofauti hutofautiana kwa karibu nusu ya biti zote, kama sarafu mbili zinazorushwa kila moja kwa bahati yake, ilhali picha mbili za mboni ileile hutofautiana kwa kiasi kidogo zaidi.

Kilichoipa kazi hiyo uzito ni kipimo. Daugman hakusema tu kwamba mfumo wake unafanya kazi; alikadiria uwezekano wa mboni mbili tofauti kulingana kwa bahati, kisha akaendelea kuujaribu ukadirio huo kwa data nyingi zaidi na zaidi. Mwaka 2006 alichapisha matokeo ya kulinganisha jozi bilioni 200, zilizotokana na mboni 632,500 zilizokusanywa kwenye mipaka ya Umoja wa Falme za Kiarabu, mipaka ambayo Waswahili wengi huivuka wakienda kutafuta riziki. Kutoka nadharia ya 1985 hadi jaribio hilo ni zaidi ya miaka 20 ya kulishughulikia jambo moja.

Anil Jain naye, aliyesoma IIT Kanpur nchini India, akapata uzamivu Ohio State mwaka 1973 na kuanza kufundisha Michigan State mwaka 1974, anajulikana leo duniani kote kwa alama za vidole. Hata hivyo, miaka yake mingi ya mwanzo ilikwenda katika utambuzi wa ruwaza, upangaji wa data katika makundi na uchambuzi wa sura ya nyuso za vitu kama kitambaa na mbao. Mwaka 1991 yeye na mwenzake Farshid Farrokhnia walitumia vichujio vya Gabor, vinavyojengwa kwa mawimbi yaleyale, kutenganisha sehemu za picha zenye ruwaza tofauti. Mwaka 1998 vichujio hivyohivyo vikatumika katika maabara yake kusafisha picha za vidole zilizofifia, na mwaka 2000 vikatumika kulinganisha vidole vyenyewe. Msomaji azingatie mfuatano huo: zana moja iliyofahamika kwa kina ilihamishwa kutoka swali moja hadi jingine kwa karibu miaka kumi. Tangu mwaka 2012, mitandao ya neva yenye tabaka nyingi, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, ilipoanza kuzishinda mbinu nyingine kwenye mashindano ya utambuzi wa picha, zana kuu imebadilika, na leo hakuna anayeweza kuikwepa. Ushauri wenyewe haujabadilika. Jifunze aina moja ya mtandao mpaka uweze kueleza kwa nini unakosea pale unapokosea, kabla ya kukimbilia wa pili.

Zoezi la kwanza, ambalo halihitaji ruzuku

Kabla ya kuomba nafasi ya uzamili, fanya jaribio moja kamili kwa mikono yako. Tafuta seti ya alama za vidole ya mashindano ya FVC2002, yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Bologna pamoja na washirika wake wa Marekani. Kila seti ya majaribio ina vidole 100, na kila kidole kimepigwa picha 8. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hutoa bure programu mbili zitakazokutosha: MINDTCT, inayotafuta pale ambapo mistari ya kidole inaishia au kugawanyika, na BOZORTH3, inayolinganisha picha mbili kwa kutumia alama hizo na kutoa pointi. Zote mbili zinakwenda kwenye kompyuta ya kawaida.

Linganisha kila picha na picha nyingine za kidole kilekile, na utapata ulinganisho halali 2,800. Kisha chukua picha ya kwanza ya kila kidole uilinganishe na picha ya kwanza ya kila kidole kingine, na utapata ulinganisho wa wageni 4,950. Sogeza kizingiti kutoka chini hadi juu, na kwa kila thamani andika ni wageni wangapi wamepokewa na ni wenyeji wangapi wamekataliwa. Chora mkondo wa makosa hayo mawili. Mwanafunzi aliyeuchora mkondo huo mwenyewe, kwa programu aliyoiandika mwenyewe, amekwisha kuelewa jambo ambalo maofisa wengi wanaonunua mifumo hii hawajalielewa.

Halafu jiulize ni kitu gani ambacho jaribio lako haliwezi kukithibitisha. Kanuni ya takwimu inasema kwamba ukifanya majaribio N yaliyo huru bila kuona kosa hata moja, bado, kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi cha kosa kinaweza kufika 3 gawanya kwa N. Kwa ulinganisho 4,950 hiyo ni takriban kosa 1 katika 1,650, na kwa kweli hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ulinganisho huo unatokana na vidole 100 tu na kwa hiyo haujitegemei. Anayeandika kwamba mfumo wake hukosea mara moja katika milioni, akiwa amejaribu kwa seti hii peke yake, amesema asichokijua.

Fanya pia hesabu ya pili. Kosa la kumpokea mgeni 1 katika 10,000 linaweza kuvumilika kwenye simu inayofunguliwa na mtu mmoja. Lakini mfumo huohuo ukitumika kutafuta kama mtu amejiandikisha mara mbili katika daftari la watu milioni 20, kidole kimoja kipya kitalingana kwa bahati na watu wapatao 2,000. Ndiyo maana uthibitisho wa mtu mmoja na utafutaji katika umati ni kazi mbili tofauti, na ndiyo maana madaftari makubwa huchukua vidole kumi, na wakati mwingine mboni zote mbili.

Jambo la mwisho katika zoezi hili ni la nidhamu. Ukianza kufundisha mtandao wa neva, gawanya data kwa watu, usigawanye kwa picha. Mtu ambaye picha zake zimeingia kwenye mafunzo asionekane kabisa kwenye majaribio. Matokeo mengi ya kupendeza yanayoletwa na wanafunzi huporomoka mara tu msimamizi anapouliza swali hilo moja.

Kuchagua swali la uzamili na uzamivu

Wanafunzi wengi huja wakitaka kuongeza nusu asilimia kwenye seti maarufu ya picha za nyuso. Naona huko ni kushindana na kampuni zenye maelfu ya kompyuta, tena kwa kipimo ambacho wao ndio wanaokimudu. Swali zuri ni lile ambalo mazingira yako yanakupa nguvu ya kulijibu kuliko mtu aliye mbali.

Mfano ulio wazi ni kazi ya Joy Buolamwini, iliyotokana na tasnifu yake ya uzamili huko MIT na kuchapishwa mwaka 2018 pamoja na Timnit Gebru. Walikusanya picha za wabunge 1,270 kutoka nchi sita, nazo ni Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Finland, Iceland na Sweden, wakazipanga kwa rangi ya ngozi na jinsia, kisha wakazijaribu programu tatu za kibiashara zilizokuwa zikibashiri jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7. Hawakubuni algoriti mpya. Walipima, wakawapima watu ambao hakuna aliyekuwa amewahesabu kwa uangalifu, na dunia nzima ya fani hii ikalazimika kujieleza.

Mwezi Desemba 2019 NIST ilichapisha ripoti iliyojaribu algoriti 189 za utambuzi wa nyuso kwa picha zaidi ya milioni 18, na ikaonyesha kwamba kwa algoriti nyingi kosa la kumchanganya mtu na mwingine lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Ripoti hiyohiyo ilibainisha kwamba baadhi ya algoriti zilizotengenezwa Asia hazikuwa na tofauti kubwa kwa nyuso za Asia, jambo linaloashiria kwamba data za mafunzo zinaweza kuwa na sehemu kubwa katika tatizo hilo. Kwa mwanafunzi wa Dodoma, Kisumu au Bujumbura, hilo ni swali la uzamivu lililolala mlangoni.

Yako mengine. Vidole vya wakulima, wavuvi na wavunja mawe huchakaa, na vya wazee hukauka, kwa hiyo skana hushindwa kuvisoma. Anayeweza kupima ni watu wangapi wanaoshindwa kusajiliwa, wa kazi gani na wa umri gani, atakuwa ametoa mchango wa kweli. Data za vidole vya Waafrika zilizo wazi kwa watafiti ni chache. Seti ya SOCOFing, yenye picha 6,000 za watu 600, ni miongoni mwa hizo. Vidole vya watoto wachanga bado ni swali gumu, kwa kuwa mistari yake ni myembamba mno kwa skana za kawaida.

Na kwa asiye na njia ya kukusanya data za watu, wanyama wapo. Mwezi Januari 2016 watu waliojitolea walipiga picha zaidi ya 40,000 kaskazini mwa Kenya kwa siku mbili ili kuwahesabu punda milia wa Grévy, na programu ya kompyuta ikamtambua kila mnyama kwa mistari ya ubavu wake. Hisabati ya kulinganisha mistari hiyo ni ndugu wa karibu wa ile ya vidole. Anayeanza na punda milia anaweza kuhamia kwa binadamu akiwa na makala mbili mkononi.

Kuhusu mahali pa kusoma, si lazima kuvuka bahari tangu mwanzo. Ipo taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, zipo Makerere na Dar es Salaam, kipo Dedan Kimathi huko Nyeri ambako watafiti wanashughulikia picha za wanyamapori, na lipo tawi la Carnegie Mellon mjini Kigali. Unapomwandikia msimamizi usiyemjua, mwite Profesa au Daktari kama inavyostahili, taja makala yake moja uliyoisoma, eleza kwa sentensi mbili ni sehemu gani uliirudia mwenyewe na ulipata nini, kisha uliza swali moja. Barua ya namna hiyo hujibiwa mara nyingi zaidi kuliko ile yenye kurasa tatu za sifa.

Data za watu si mali ya maabara

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Nenosiri likiibwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Watu wa kwetu wana historia na jambo hili. Sheria ya kikoloni ya Kenya ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume wa Kiafrika wenye miaka 16 na zaidi kubeba kipande chenye alama za vidole vyao, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na Harry Thuku na wenzake walikipinga hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mzee anayesita kuweka kidole kwenye skana yako ana sababu zinazostahili kusikilizwa.

Kwa hiyo, kabla ya kukusanya picha hata moja, pata idhini ya kamati ya maadili ya chuo na kibali cha utafiti, kutoka COSTECH ukiwa Tanzania au NACOSTI ukiwa Kenya. Soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, ieleze data zitakaa wapi, kwa muda gani, nani atazifungua, na mtu afanye nini akibadili nia. Mwezi Agosti 2023 serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli za Worldcoin, iliyokuwa ikipiga picha mboni za watu na kuwalipa kwa sarafu ya kidijitali, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Ridhaa iliyonunuliwa kwa mtu mwenye shida haikusimama.

Jihadhari vilevile na seti zilizokusanywa mtandaoni bila wahusika kujua. MS-Celeb-1M, seti kubwa ya picha za nyuso, iliondolewa na Microsoft mwaka 2019, na katika mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Duke kikaondoa seti yake ya video za watu waliokuwa wakipita chuoni. Aliyejenga tasnifu nzima juu ya seti kama hizo alijikuta akiulizwa maswali ambayo hakuwa na majibu yake.

Kupanda ngazi za chuo

Vyuo vikuu vya umma vya Tanzania kwa kawaida hutaka GPA ya 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza kwa anayeanza kazi ya kufundisha, kwa hiyo mpango huu huanza mapema kuliko vijana wengi wanavyodhani. Baada ya hapo ngazi zinajulikana: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa.

Ugumu uliopo ni kwamba katika uoni wa kompyuta, yaani fani ya kuiwezesha kompyuta kuelewa picha, makala zenye uzito hutolewa kwenye mikutano, hasa CVPR ya kila mwaka, ICCV ya miaka witiri na ECCV ya miaka shufwa, ilhali kamati nyingi za kupandisha vyeo huku kwetu huhesabu majarida. Njia ya kuziridhisha pande zote mbili ni kuanza na mkutano, kwa baiometriki IJCB ukiwa mmojawapo, kisha kuipanua kazi hiyo kwa majaribio mapya na kuipeleka kwenye jarida kama IEEE Transactions on Information Forensics and Security. Usiyakaribie majarida yanayokubali makala ndani ya siku chache kwa malipo. Kamati huyatambua, na jina lako hubaki humo daima. Kubali kuhakiki makala za wengine mapema, maana hakuna shule bora ya kuandika kuliko kusoma kazi ambayo haijakamilika na kulazimika kueleza kimepungua nini.

Ukipata wanafunzi wako, mpe kila mmoja swali linaloweza kujibiwa kwa miaka mitatu, na tangu wiki ya kwanza mtake aandike kila jaribio: data ipi, mgawanyo upi, kizingiti kipi, programu ya toleo gani. Maabara yenye kumbukumbu hizo inaweza kumkabidhi mwanafunzi mpya kazi ya aliyehitimu. Isiyo nazo huanza upya kila anapoondoka mtu.

Unapoitwa kushauri

Ukifika uprofesa utaitwa na tume, wizara au benki inayotaka kununua mfumo. Muuzaji atakuja na asilimia 99 ya usahihi. Muulize idadi hiyo ilipimwa kwa watu wangapi, wa nchi gani na wa kazi gani. Omba viwango viwili vya makosa kwa kizingiti kitakachotumika hasa, na cha tatu kisichotajwa sana, yaani idadi ya watu ambao mfumo ulishindwa kabisa kuwasajili. Uliza kuhusu udanganyifu pia: mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto wa Yokohama na wenzake walionyesha kwamba vidole bandia vya jelatini, vilivyogharimu fedha kidogo sana, vilizihadaa skana nyingi walizozijaribu. Taka jaribio lifanyike hapa, kwa watu wa hapa, kabla ya mkataba kusainiwa, na liwahusishe wakulima na wazee kwa idadi inayotosha kuhesabika. Kisha andika katika ripoti yako, kwa takwimu, ni watu wangapi watakataliwa kila siku mfumo ukianza kazi, na utaje afisa gani atakayewahudumia siku hiyohiyo kwa njia nyingine, bila kuwataka warudi kesho.